Mwamuzi wa Watoto Aachiwe Jicho Lake

Katikati ya Juni 2019, katika uwanja wa shule ya msingi mjini Lakewood, jimbo la Colorado, timu mbili za watoto wa miaka saba zilikuwa zikicheza besiboli. Mwamuzi wao alikuwa mvulana wa miaka 13. Baadhi ya watu wazima waliokuwapo hawakuridhika na maamuzi yake. Wakaanza kumlalamikia, wakaja kufokeana wenyewe kwa wenyewe, na mwisho wakajazana uwanjani wakitwangana ngumi huku watoto wakikimbia kujiweka kando. Video ya ugomvi ule ilizunguka dunia nzima, na polisi wakawafungulia mashtaka baadhi ya waliohusika.

Waliotazama video ile wengi wao walizungumzia zile ngumi. Mimi namfikiria zaidi yule mvulana. Katika umri wa mtoto wa darasa la saba alipewa kazi ya kusimama mbele ya wazazi wa watu na kutangaza nani yuko salama na nani yuko nje, papo hapo, kwa macho yake mwenyewe. Kila mwisho wa wiki, besiboli inapokuwa katika msimu wake, viwanja vya vitongoji vya Marekani vinajaa vijana wa rika lake wanaofanya kazi hiyo hiyo. Nina hoja moja juu yao, nayo ni hii: katika besiboli ya watoto, uamuzi wa jicho ni mali ya mwamuzi, awe amepatia au amekosea, na wajibu wa watu wazima ni kuulinda hata siku unapomuumiza mtoto wao.

Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea kusikia kwamba uamuzi wa refa ni wa mwisho, kisha tunamzunguka refa watu wanane. Besiboli imelichukulia jambo hili kwa uzito zaidi, ikaliandika kwenye kanuni zake kwa namna ambayo kila mzazi anayekaa kando ya uwanja angepaswa kuisoma kabla ya kufungua kinywa. Maamuzi ni ya aina mbili. Kuna maamuzi ya kanuni: mwamuzi akimruhusu mpigaji aendelee baada ya straiki tatu, yaani mirusho mitatu iliyohesabiwa dhidi yake, au akimwondoa mkimbiaji kwa kosa ambalo kitabu hakilijui, kocha mkuu ana haki ya kumwendea kwa utulivu, kumwomba arekebishe, na asiporekebisha kuwasilisha pingamizi rasmi. Halafu kuna maamuzi ya jicho. Mpira ulipita ndani ya eneo la straiki au nje yake? Mguu wa mkimbiaji uligusa besi kabla mlinzi hajaudaka mpira? Mpira uliopigwa uliangukia ndani ya mstari au nje? Kanuni ya 9.02 ya Little League, shirika kubwa la besiboli ya watoto lililoanzishwa na Carl Stotz mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939 likiwa na timu tatu tu, inasema maamuzi ya aina hii ni ya mwisho, na hakuna mchezaji, kocha wala mchezaji wa akiba anayeruhusiwa kuyapinga. Pingamizi rasmi juu ya uamuzi wa jicho halipokelewi kabisa. Mwamuzi anaweza kumuuliza mwenzake alichokiona akipenda, lakini mwenzake naye haruhusiwi kuingilia mpaka aulizwe.

Naiona kanuni hiyo kuwa miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu michezo ya watoto. Wapo wanaoiona ya kidikteta. Wanauliza kwa nini mtoto aliyefika besi ya kwanza kwa haki yake arudishwe benchi akilia kwa sababu ya kosa la mtu mwingine, na kwa nini mzazi wake anyamaze. Swali lao ni la haki na linastahili jibu. Lakini jibu haliwezi kueleweka na mtu asiyejua mwamuzi anaombwa kuona nini hasa.

Tuanze na besi ya kwanza. Katika uwanja wa Little League besi zimeachana kwa futi 60, yaani kama mita 18. Mpigaji ameugusa mpira, umeviringika kwa mlinzi, mlinzi ameurusha kwa mwenzake anayesubiri akiwa amekanyaga besi, na mtoto anakimbia kwa nguvu zake zote. Macho hayawezi kutazama mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwamuzi hufundishwa kukaza macho kwenye besi, auone mguu ukitua, na wakati huo huo atege sikio, asikie mpira ukigonga ngozi ya glavu. Jicho kwa mguu, sikio kwa mpira. Kipi kilitangulia? Hapo ndipo uamuzi ulipo, katika nafasi finyu kati ya kitu kilichoonekana na kitu kilichosikika.

Sasa fikiria wazazi 40 wanapiga kelele. Mzazi anayepayuka wakati mpira uko hewani anamziba mwamuzi sikio, kisha anamlaumu kwa kutosikia. Binafsi sijui hoja nyingine ya ukimya iliyo wazi kuliko hii, nayo haihitaji hata kugusa adabu. Anayetaka uamuzi sahihi kwenye besi ya kwanza akae kimya mpaka mpira utue.

Eneo la straiki ni gumu zaidi. Besi ya nyumbani ina upana wa inchi 17, sawa kwa mtoto wa miaka tisa na kwa mchezaji anayelipwa mamilioni. Juu ya upana huo kuna dirisha la hewa ambalo hakuna aliyelichora: kwa Little League linaanzia kwapani mwa mpigaji na kushuka hadi juu ya magoti yake, akiwa amesimama kama anavyosimama kawaida. Maana yake dirisha hubadilika kila mpigaji anapobadilika. Anakuja mtoto mrefu, linapanda. Anakuja mdogo wake anayeinama kama mtu anayetafuta sindano, linashuka na kufinyana. Mrushaji yuko umbali wa futi 46. Mpira wa maili 60 kwa saa, ambao mtoto wa miaka 12 mwenye mkono mzuri anaweza kuurusha, unavuka umbali huo kwa takriban nusu sekunde, na wakati mwingine unakunja njiani. Mwamuzi yuko nyuma ya mdakaji, amechuchumaa, uso uko ndani ya barakoa ya chuma. Na atafanya hivyo mara 150, 200, kabla ya mchezo kwisha.

Yapo na yale ambayo kitabu chenyewe kimeyaacha mikononi mwake. Mpigaji ameanza kuzungusha gongo, akajizuia. Je, alipiga au hakupiga? Kwa vizazi na vizazi kanuni za besiboli hazikuweka kipimo cha mahali gongo linapokuwa limevuka mpaka. Zilimwachia mwamuzi aamue kama mtu yule alikusudia kuupiga mpira. Anaombwa asome nia ya mtoto kwa kutazama viwiko vyake.

Lakini uamuzi ninaoupenda kuliko yote, na unaonifanya niamini kwamba kazi hii haiwezi kupewa mashine, ni ule wa mpira uliopaa juu ya walinzi wa ndani. Kuna wakimbiaji kwenye besi ya kwanza na ya pili, au besi zote zimejaa, na waliotoka nje hawajafika wawili. Mpigaji anaupiga mpira juu, ukashuka karibu na walinzi. Bila kanuni maalumu, mlinzi mjanja angeuacha udondoke makusudi, kisha auokote na kuwatoa wakimbiaji wawili walioganda kwenye besi zao wakidhani utadakwa. Ili kuzuia ujanja huo, mwamuzi hutangaza mpigaji yuko nje mpira ukiwa bado angani, mradi tu aone kwamba mlinzi wa ndani angeweza kuudaka kwa juhudi za kawaida.

Juhudi za kawaida za nani? Kanuni za ligi za wakubwa zinajibu kwamba ni za mchezaji wa uwezo wa wastani katika ligi ile ile. Mpira ambao mtu mzima angeudaka huku akipiga gumzo, kwa mtoto wa miaka tisa anayeutazama jua likimchoma machoni unaweza kuwa mtihani mzito. Mwamuzi wa watoto lazima awajue watoto. Lazima katika sekunde mbili ajiulize kama huyu aliye chini ya mpira ni wa kuudaka, na kama rika lake kwa jumla ni la kuudaka. Wakubwa wenyewe wamewahi kuvurugana kwa kanuni hii: Oktoba 5, 2012, mjini Atlanta, katika mechi ya mtoano kati ya Braves na St. Louis Cardinals, mwamuzi Sam Holbrook alitangaza hivyo juu ya mpira ulioangukia mbali kwenye nyasi za nje, na mashabiki wakarusha chupa na takataka uwanjani hata mchezo ukasimama kwa dakika 19. Braves waliwasilisha pingamizi, likatupwa, kwa sababu lilihusu jicho la mwamuzi. Ikiwa watu wazima waliofunzwa kwa miaka mingi hawakubaliani juu ya juhudi za kawaida za wachezaji wa kulipwa, tunamdai nini kijana wa miaka 14 anayewatazama watoto wa miaka kumi?

Hapa nafika kwenye mjadala unaowagawa hata waamuzi wenyewe: je, eneo la straiki lipanuliwe kwa watoto wadogo? Kitabu kinasema hapana. Eneo ni eneo. Uwanjani hali ni nyingine. Mrushaji wa miaka tisa hurusha mpira mahali popote. Mwamuzi akishika kitabu kwa ukali, mipira minne ya nje inamfikisha kila mpigaji besi ya kwanza bila kuinua gongo, walinzi wanasimama wakichuma nyasi, na mrushaji anashuka kwenye kilima cha kurushia machozi yakimlengalenga. Saa mbili zinapita na hakuna mtu aliyekimbia. Waamuzi wengi wenye uzoefu huongeza upana wa mpira mmoja kila upande, wakati mwingine miwili, na kuwahimiza watoto wapige.

Nawaunga mkono, kwa masharti. Kwanza waseme. Kabla ya mchezo makocha wote wawili waitwe, waambiwe kwamba leo eneo ni pana, watoto waambiwe waje na magongo yao tayari. Pili, upana uwe ule ule kwa timu zote, kuanzia mrusho wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto anaweza kuzoea eneo pana. Anaweza kuzoea hata eneo lililopinda, kwa maana ataona baada ya mirusho kumi kwamba mwamuzi huyu anapenda mpira wa nje, akasogea. Asichoweza kukizoea ni eneo linalobadilika kwa kufuata nani anapiga na nani anapiga kelele.

Na hili hutokea. Wanaotetea waamuzi hawana sababu ya kulificha. Mwaka 2011, katika kitabu kiitwacho Scorecasting, Tobias Moskowitz na L. Jon Wertheim walionyesha kwamba hata waamuzi wa ligi kuu ya Marekani hubadilisha eneo kulingana na hesabu: mpigaji akiwa na straiki mbili na hana mpira wa nje hata mmoja, eneo hufinyika, mrushaji akiwa amekosa mara tatu mfululizo bila straiki, eneo hupanuka. Mwamuzi, bila kujijua, anakwepa kuwa yeye ndiye aliyemaliza mambo. Miaka mitatu baadaye Jerry Kim na Brayden King walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba warushaji wenye majina makubwa hupendelewa katika mirusho ya utata. Kama hivyo ndivyo kwa watu wanaokaguliwa na kamera kila usiku, nani atadai kwamba uwanja wa kitongoji umesalimika? Huko mwenye jina ni mtoto wa kocha, au yule mrefu ambaye mtaa mzima unamtabiria makubwa. Mtoto mnene asiyejulikana, aliyewekwa uwanjani kwa sababu kanuni inataka kila mtoto acheze, hana wa kumpendelea.

Kwa hiyo sitetei uamuzi wa jicho kwa kudai kwamba jicho halikosei. Linakosea, tena linakosea kwa mpangilio unaojulikana. Nalitetea kwa sababu dawa zinazopendekezwa ni mbaya kuliko ugonjwa.

Dawa ya kwanza ni mashine. Ligi ya Korea Kusini ilianza mwaka 2024 kuacha mashine iamue straiki zote. Ligi kuu ya Marekani imeanza msimu wa 2026 kumruhusu mrushaji, mdakaji au mpigaji kugusa kofia yake na kuomba mashine ihakiki, kila timu ikianza mchezo na nafasi mbili. Kwa wakubwa sina kinyongo. Pale mrusho mmoja una thamani ya pesa nyingi, na uwanja mzima umejaa kamera. Hata mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, yanayoonyeshwa kwenye televisheni, yametumia marudio ya video tangu 2008, na tangu 2010 makocha wanaruhusiwa kuomba maamuzi fulani yatazamwe upya. Lakini straiki hazikuingizwa humo. Hata pale, mbele ya kamera zote zile, aliyechuchumaa nyuma ya mdakaji aliachiwa dirisha lake. Nadhani walioweka mpaka huo walielewa kitu.

Kwenye viwanja vya kawaida hakuna kamera za aina hiyo. Kuna simu za wazazi. Video iliyopigwa kutoka nyuma ya uzio, upande wa besi ya tatu, haionyeshi kama mpira ulipita juu ya pembe ya besi ya nyumbani. Inaonyesha kile anayeipiga alichotaka kukiona. Na mtoto anayeitwa baada ya mchezo aje aone kwenye simu jinsi alivyodhulumiwa anafundishwa kwamba mchezo wake haukwisha pale ulipokwisha, kwamba kushindwa kwake kuna mwizi, na kwamba kazi yake ni kumtafuta. Naliona hili kuwa ukatili unaofanywa kwa jina la upendo.

Ipo njia bora ya kulipokea kosa la mwamuzi. Juni 2, 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga wa timu ya Tigers alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo wa Cleveland. Alibakiza mmoja tu ili atimize mchezo kamili, jambo ambalo warushaji wachache mno katika historia nzima ya besiboli wamelifanya. Mpigaji wa 27 alikuwa nje kwa hatua nzima, na mwamuzi Jim Joyce akatangaza yuko salama. Baada ya kuona marudio, Joyce alikiri mbele ya waandishi kwamba amekosea, na siku iliyofuata Galarraga ndiye aliyempelekea orodha ya wachezaji uwanjani, wakapeana mikono. Watu hupenda kusimulia sehemu hiyo ya mikono na machozi. Mimi huwataka watoto watazame dakika zilizofuata kosa lenyewe: Galarraga alitabasamu, akarudi kilimani huku wenzake wakimzonga mwamuzi, akarusha, akamtoa mpigaji aliyefuata. Mpigaji aliyefuata alikuwa amesimama pale. Daima yupo mpigaji anayefuata, na mrushaji wa miaka 12 aliyezama katika hasira ya mrusho uliopita atampa mpira mwepesi.

Dawa ya pili, ambayo hakuna anayeikiri lakini ndiyo inayotumika zaidi, ni kumtisha mwamuzi. Kocha anajua hawezi kuupindua uamuzi uliokwisha tolewa. Anapiga kelele kwa ajili ya uamuzi ujao. Anaweka amana. Watu wazima wanaolipwa hujifunza kulipuuza jambo hili. Mtoto wa miaka 14 hawezi, na hapaswi kudaiwa aweze. Ataacha kazi. Shirikisho la michezo ya shule za sekondari la Marekani lilieleza kwamba tangu msimu wa 2018-19 waamuzi wapatao 50,000 wa michezo mbalimbali walikuwa wameacha. Ugonjwa wa korona ulichangia, lakini ukiwauliza walioondoka, matusi ya wazazi hayakosi kwenye orodha. Matokeo yake si maamuzi bora. Matokeo yake ni mwamuzi mmoja mahali pa wawili, anayetakiwa kutazama besi zote nne peke yake, au mchezo uliofutwa Jumamosi asubuhi watoto wakiwa wamekwisha vaa jezi.

Masika ya 2023, ligi ya watoto ya Deptford, New Jersey, ilichoshwa. Waamuzi wake walikuwa wakiacha kwa sababu ya kutukanwa. Ikapitisha sheria kwamba mzazi atakayemtusi mwamuzi harudi kutazama mpaka awe mwamuzi wa michezo mitatu. Akikataa, mwaka mzima asionekane. Wapo walioichukulia kama mzaha. Mimi naiona kuwa sheria yenye hekima kamili, na sababu yake ni ya kiufundi. Mzazi yule anaamini kwa dhati kwamba aliona. Kutoka kwenye kiti chake, futi 80 pembeni, mpira ulipita katikati kabisa. Hajawahi kusimama nyuma ya mdakaji akaona jinsi glavu inavyouvuta mpira ndani, jinsi bega la mpigaji linavyoziba pembe ya besi, jinsi mtoto anavyoruka nyuma na kuufanya mpira mzuri uonekane umemkosakosa. Michezo mitatu inatosha kumjulisha kwamba hakuwa akiona kitu.

Kama wazazi wanatafuta jambo la kupazia sauti kwa ajili ya watoto wao, yapo, tena yale ambayo kanuni inawapa haki. Tangu 2007 Little League imeweka kikomo cha mirusho: mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku, wa miaka tisa na kumi 75, na aliyerusha mara 66 au zaidi lazima apumzike siku nne. Kikomo hicho kinalinda kiwiko na bega ambavyo havijakomaa. Wako makocha wanaokizunguka kwa kumchezesha mtoto huyo huyo katika timu mbili tofauti, Jumamosi huku, Jumapili kule. Hapo uzio mzima hukaa kimya. Mzazi atamfokea kijana wa watu kwa straiki moja, kisha atamwacha mwanawe arushe mpaka mkono uanze kuuma. Sauti hiyo imeelekezwa pasipo pake.

Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yake na kupata nafasi ya kwenda Williamsport, timu ya kwanza kutoka Afrika. Haikwenda. Ubalozi wa Marekani uliwanyima viza kwa sababu ya utata wa nyaraka za umri. Hilo lilikuwa jambo la kusemewa, na watu walisema. Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wapambane nao, walisafiri hadi Uganda wakacheza mechi ile huko huko. Mwaka huo huo timu ya Lugazi, nayo ya Uganda, ikafika Williamsport, ya kwanza ya Kiafrika kucheza pale, ikaondoka na ushindi mmoja dhidi ya watoto wa Oregon. Waliowahukumu walikuwa watu wazima waliojitolea bila malipo, kwa maana hata kwenye mashindano hayo makubwa waamuzi wa Little League hawalipwi. Ngumi iliyokunjwa, nje. Mikono iliyonyooshwa pembeni, salama. Mtoto wa Lugazi hakuhitaji mkalimani.

Nalisema hili kwa sababu besiboli iko hapa kwetu pia, ingawa wengi hawajaiona. Katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na mashindano ya kitaifa ya vijana yamepewa jina la Koshien, kwa kufuata yale ya shule za sekondari za Japani yaliyoanza 1915. Waliouleta mchezo waliuleta pamoja na desturi zake. Kule Japani timu hujipanga mstari mbele ya waamuzi, zikainama, kabla na baada ya mchezo. Kocha wa shule ya sekondari haingii uwanjani kubishana. Anabaki kwenye benchi. Akiwa na la kusema kwa wachezaji wake humtuma mtoto, na swali kwa mwamuzi huulizwa na nahodha au mchezaji mhusika mwenyewe. Mtoto anavua kofia, anauliza kilichotokea, anajibiwa, anarudi kueleza. Namna hiyo swali linabaki swali.

Desturi hiyo ina kasoro zake. Besiboli ya Japani imewahi kulaumiwa kwa ukali wake kwa vijana, na sitaki tuichukue yote. Lakini hiki kipande cha nahodha kuuliza mahali pa kocha nakitaka kibaki Tanzania, kiandikwe kwenye kanuni za kila mashindano ya shule, sasa hivi, wakati viti vya watazamaji bado ni vichache na hakuna mzazi aliyekwisha kuzoea kumfokea mwamuzi. Marekani inajaribu kurudisha kitu ilichokwisha kukipoteza. Sisi hatujakipoteza bado.

Na kila shule inayocheza iwafundishe wachezaji wake wawili au watatu kuamua, wasichana kwa wavulana: wapi pa kusimama, kutazama mguu na kusikiliza glavu, kusubiri nukta moja kabla ya kunyanyua mkono, kutangaza kwa sauti inayofika besi ya tatu. Waanze na mechi za wadogo zao. Mwalimu awe karibu, nje ya mstari, kazi yake iwe moja tu: kumwondoa uwanjani mtu mzima yeyote atakayewaambia kwamba hawakuona walichokiona.